Kamina: Wanafunzi wanaocheza mpira wachunguze pia mpira unafanya nini

Mara nyingi vita inapoleta familia mpya katika mji, hufika pia siku ya mechi ya amani. Vijana wenyeji na vijana waliokimbia wanavaa jezi, kiongozi anapiga mpira wa kwanza, picha zinachukuliwa, kisha kila mtu anarudi kwake. Swali ambalo haliulizwi ni hili: kesho yake kulibadilika nini?

Swali hilo linawahusu kwanza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kamina, UNIKAM, na wa vyuo vingine vya mji, hasa wale wanaocheza. Wakifika mwisho wa masomo wanahangaika kutafuta kichwa cha kazi ya kuandika. Mpira wanauacha kiwanjani, kama vile hauna la kufundisha.

Historia inasema vingine. Mwaka 1939 timu ya Saint-Éloi Lupopo ilizaliwa Lubumbashi kati ya wafanyakazi wa reli, reli ileile inayogawanyika hapa Kamina kuelekea Kasai na Tanganyika. Mwaka uleule mapadri Wabenedikto walianzisha timu ambayo leo ni TP Mazembe. Na tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, wakati wimbo wa taifa unapigwa. Mechi walipoteza, lakini kilio cha Mashariki ya Kongo kilionekana duniani kote.

Kwa hiyo mpira una nguvu. Lakini nguvu hiyo inaishia wapi?

Nchini Iraq, mtafiti Salma Mousa alitafuta jibu. Alipanga ligi za Wakristo waliofukuzwa makwao na Dola la Kiislamu. Timu fulani zilipewa wachezaji Waislamu, nyingine zikabaki na Wakristo watupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science. Waliochanganyika na Waislamu waliendelea kufanya mazoezi pamoja nao hata miezi baada ya ligi. Lakini nje ya kiwanja, kwa mfano katika kwenda kula kwenye mkahawa ulio katika mji wenye Waislamu wengi, hakukuonekana tofauti ya wazi. Urafiki ulishika ndani ya mistari ya kiwanja, haukuvuka.

Je, Kamina ni hivyo pia? Kijana aliyekimbia anayepewa pasi jioni, asubuhi anapewa kazi ya shamba? Mama yake anakopeshwa unga sokoni? Wasichana wanacheza saa ngapi, kama saa ya mpira ndiyo saa ya kuchota maji? Na yule asiye na viatu, anaitwa kucheza au anaokota mipira tu?

Mwanafunzi anayecheza ana nafasi nzuri ya kuuliza, kwa sababu anajulikana kiwanjani. Lakini kujulikana ni mtego pia. Mwenzake anaweza kumjibu vizuri ili asimuudhi, au ili asipoteze nafasi katika timu. Ndiyo maana majina yafichwe, wazazi waombwe ruhusa, na wale walioacha kucheza waulizwe pia, maana wao ndio wanajua kwa nini waliacha.

Kuna watakaosema: mtu mwenye njaa hahitaji utafiti wa mpira. Ni kweli mpira si chakula. Lakini jezi na vikombe vinanunuliwa kwa pesa, na pesa hiyo ingeweza kununua mbegu au madaftari. Kama mechi inasaidia, ijulikane inasaidia nani. Kama haisaidii, isitumiwe kuficha kwamba familia hazijapata mahali pa kulala.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Familia zilizokimbia zimechoka na wageni wenye makaratasi: wanaandika majina, wanaondoka, hawarudi. Wanafunzi wa Kamina wasifanye hivyo. Kazi ikiisha, isifungiwe katika kabati la chuo. Isomwe kwenye redio ya mji, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, na wale waliojibu wapewe nafasi ya kusema: hapa mmesema kweli, hapa mmekosea.