Moto wa Mapambo Usioonekana

Jamani, ile sherehe ya kuwapokea mwaka wa kwanza ilipendeza, sikatai. Vile vijungu vya moto wa jeli juu ya meza vilipigwa picha hadi simu zikaisha chaji. Lakini nilimwona mwanakamati mmoja, saa kumi na moja jioni, jua bado kali, akimimina jeli kutoka kwenye chupa kujaza kijungu eti kimezimika. Nani alimwambia kimezimika?

Jeli ile ni spiriti iliyofanywa nzito. Mwali wake ni mwembamba, wa buluu, na juani unaweza usiuone kabisa. Ukimimina juu ya moto uliobaki, mvuke unashika, moto unarudi hadi ndani ya chupa, na chupa inatema jeli inayowaka kwa yeyote aliye mbele yake. Tena haichuruziki kama maji. Inang'ang'ania ngozi na nguo, na ukiifuta kwa kiganja unaisambaza tu.

Marekani, mwaka 2011, baada ya watu kuungua na wengine kufa, kampuni 9 ziliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 2. Sisi tunainunua kwa hela ya chama, na siku ile hata blanketi la kuzimia moto halikuwepo.

Kamati ya mahafali, nawaomba: wekeni taa za betri. Kama moto ni lazima, basi jeli ya kopo, linalowekwa zima na kutolewa likiisha, siyo ya kumimina. Na meza hizo zikae mbali na majoho.