Bima ya Mwenye Ulemavu Ianzie Mlangoni Kwake

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliposhika nafasi ya bima ya zamani ya taifa, NHIF, tumehimizwa mchana na usiku tujisajili. Ni himizo jema, nami naliunga mkono. Lakini wapo Wakenya waliojisajili, mchango wao umelipwa, na bado kila safari ya hospitali huwaacha na madeni. Wengi wao ni watu wazima wenye ulemavu wasio na mshahara. Matibabu yao tunayahesabia kwenye dirisha la keshia, ilhali gharama ilianza zamani, pale mlangoni pa nyumba.

Mfikirie kijana aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda. Siku ya kliniki ikifika, hawezi kwenda peke yake. Ndugu yake huacha kibarua ili ambebe, na nauli ni ya watu wawili. Mara nyingi kondakta hudai pia malipo ya nafasi ya kiti cha magurudumu. Mvua ikinyesha na barabara ikiwa ya udongo, hukodi gari zima. Hospitali ya umma ya kitaifa inayoshughulikia majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi. Basi pima mwenyewe safari ya mtu wa Turkana au Garissa. Hakuna risiti hata moja ya nauli hizo ambayo bima itaipokea.

Kisha kuna mahitaji ya kila siku. Mpira wa mkojo hubadilishwa mara kwa mara, la sivyo maambukizi hupanda hadi kwenye figo. Anahitaji nepi za watu wazima, glavu, bandeji na mto wa kukalia unaozuia vidonda. Akiambiwa dawa imekwisha hospitalini, atainunua duka la nje kwa bei ya duka. Anapokosa mto huo, ngozi huchubuka, kidonda huchimba hadi mfupani, naye hulazwa kwa wiki nyingi. Hapo ndipo bima hutoa fedha. Huu ni uchumi mbaya, na ni ukatili pia, kwa maana tunamngojea mtu aoze ndipo tumhudumie.

Tuangalie sasa mapato yake. Mpango wa Inua Jamii humpa mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na malipo hayo huchelewa mara kwa mara. Mchango wa chini kabisa wa bima ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara ametakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Hiyo inakaribia ruzuku ya miezi miwili. Mpango wa kukopeshwa alipe polepole umeletwa, lakini mkopo ni deni. Serikali imeanza kuwalipia mchango baadhi ya maskini, na kwa hilo inastahili pongezi. Hata hivyo, kumlipia mtu mchango hakumfikishi kliniki.

Wako watakaosema kwamba wenye ulemavu wamesamehewa kodi. Ni kweli, mapato hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hayakatwi kodi kwa aliyepata cheti cha msamaha. Lakini msamaha huo humfaa mwenye ajira. Mama asiyeona anayeuza mboga kando ya barabara hana kodi ya mshahara ya kusamehewa. Msaada mkubwa zaidi umemwendea aliyekuwa na nafuu tayari.

Jambo jingine ni tathmini ya kipato ambayo SHA hutumia kupanga mchango wa asiye na mshahara. Maswali yake ni kuhusu paa, kuta, choo na mifugo. Mtu aliyejenga nyumba ya mabati alipokuwa na nguvu zake anaweza kuonekana ana uwezo, hali mapato yote ya nyumba hiyo yanaishia kwenye nepi na nauli. Mizani ipime pia kinachotoka. Ibara ya 43 ya Katiba imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na haki hiyo haikuwekewa sharti la kuweza kupanda matatu.

Kwa hiyo nawasihi wabunge na wasimamizi wa SHA: vifaa vya nyumbani vya mwenye ulemavu viingizwe katika huduma zinazolipiwa, pamoja na nauli yake na ya msaidizi wake. Magavana nao wawape wahudumu wa afya ya jamii bandeji na mipira ya mkojo waifikishe majumbani, maana tayari wanapita humo.

Nasi majirani tuna kazi. Tumezoea kuitisha harambee bili ikishafika laki kadhaa, mgonjwa akiwa amezuiliwa wodini. Tuanze mapema, tumnunulie mto kabla ya kidonda. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni ya bajeti, tumbebe jirani yetu na kiti chake hadi ukumbini, ataje mwenyewe anachotumia kwa mwezi, na maafisa wakiandike.