Tusiwaambie tu "jikaze"

Huku Ngara na Biharamulo mwanaume akizidiwa na mawazo huambiwa ajikaze, na wengi huishia kwenye pombe. Mazoezi ya mwili yangesaidia, na msiseme kazi ya jembe inatosha: dereva wa lori anayesubiri foleni mpakani Rusumo na kijana wa bodaboda wanashinda wamekaa. Uchambuzi wa tafiti 33 uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA Psychiatry ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona. Moyo nao hufaidika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mazoezi hayo angalau siku 2 kwa wiki. Makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, bomba katikati, yanatosha kabisa kuwa chuma cha kunyanyua. Ila kaka zangu, pimeni presha kwanza, na aliye kwenye dawa asiziache.