Elimu ya Kuiambia Nafsi Pole

Virusi vya UKIMWI hutambulikana kwa tone moja la damu, na wingi wake katika mwili wa mgonjwa huweza kuhesabiwa maabara. Lawama anazojitwika mgonjwa huyo hazina kipimo cha damu. Hata hivyo, aghalabu ndizo zinazomfanya azifiche dawa asizimeze, au asafiri hadi kliniki ya mbali asikojulikana, au asiende kliniki kabisa. Makala haya yanawahusu watu wanaoketi mbele ya mgonjwa wa namna hiyo na kumsikiliza: wauguzi, matabibu, washauri nasaha na wanasaikolojia wa Nyanda za Juu Kusini. Maoni yangu ni kwamba mafunzo yao hayana budi kuwa na somo la huruma juu ya nafsi, na kwamba somo hilo lianze kwa mwanafunzi mwenyewe kabla halijamfikia mgonjwa.

Sababu ya kuitaja mikoa ya Mbeya na Iringa iko wazi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 1,000 wa Tanzania, 44 hivi wanaishi na VVU. Mbeya hesabu hiyo ni 96, Iringa 111, na Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, ni 127. Dawa za kufubaza virusi zimekuwa zikitolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Anayezimeza kila siku huishi miaka mingi, na virusi vikishafubazwa hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Basi kwa upande wa kemia, kazi kubwa imekwisha kufanyika. Iliyobaki ni safari fupi ya kidonge kutoka kopo hadi kinywani, siku kwa siku, kwa maisha yote. Na safari hiyo hupita katika nafsi ya mtu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mafinga amekosa tarehe zake mbili za kliniki. Anapofika, muuguzi, ambaye tangu alfajiri amekwisha hudumia foleni ndefu, anafungua kadi na kuuliza, "Mama, mbona hukuja? Unataka kufa uwaache watoto?" Mama anainamisha kichwa. "Ndiyo, sista, kosa ni langu. Nilijitakia mwenyewe." Muuguzi anamhutubia juu ya umuhimu wa dawa, mama anaitikia kila neno, naye anaondoka na kopo lake. Hakuna uongo uliosemwa pale. Muuguzi hakukusudia ubaya, na maneno yake yote juu ya dawa yalikuwa sahihi. Lakini mama aliyekuja na hakimu mmoja moyoni amerudi nyumbani na mahakimu wawili, na mwezi ujao itakuwa vigumu zaidi kwake kupanda gari la kwenda kliniki.

Jambo hili lina maelezo ya kisayansi ambayo mwanafunzi wa biolojia wa kidato cha tatu anaweza kuyafuata. Mtu akikutana na nyoka njiani, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala huamsha mwili wote. Adrenalini na kortisoli humwagwa katika damu, moyo hudunda, misuli hukaza, na akili huacha mengine yote ili ishughulikie kukimbia, kupigana au kujificha. Mtambo huu ni wa kale sana na umetuokoa mara nyingi. Dosari yake ni kwamba hautofautishi vema kati ya nyoka na karipio, wala si lazima karipio litoke kinywani mwa mtu mwingine. Anayejiambia kila asubuhi kwamba yeye ni takataka ameufuga nyoka huyo nyumbani. Na ajifichaye, hujificha pia asionwe na kliniki.

Mamalia wana mtambo mwingine, wa utulivu, uliokua pamoja na malezi. Mtoto analia, mama anamfunga mgongoni kwa mbeleko na kuanza kutembea, mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua naye ananyamaza. Profesa Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyefanya kazi miaka mingi mjini Derby, aliijenga tiba yake juu ya mtambo huu wa pili. Katika kuwatibu wagonjwa wa sonona, aliona kwamba wengi wao waliweza kuzipinga fikra zao mbaya kwa hoja nzuri, lakini sauti waliyoitumia ndani ya vichwa vyao kujisomea hoja hizo ilikuwa bado kali na baridi. Hoja zilikuwa sahihi. Sauti ilikuwa ya adui. Kwa hiyo aliona kwamba haitoshi kumfundisha mgonjwa la kujiambia, bali afundishwe pia namna ya kujiambia.

Mwaka 2003 Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, aliieleza huruma juu ya nafsi kuwa na sehemu tatu. Mtu ajitendee kwa wema badala ya ukali. Atambue kwamba kukosea na kuumia ni fungu la wanadamu wote wala si aibu yake peke yake. Na ayatazame maumivu yake kwa utulivu, bila kuyakana na bila kuzama ndani yake.

Hapa mwalimu wa Kiswahili atakuwa na neno la kusema, naye asikilizwe. "Kujihurumia" katika lugha yetu huelekea kuwa na maana mbaya, ya mtu anayeketi akijililia ili wengine wamtazame. Mgonjwa akiambiwa "jihurumie", huenda akaelewa kinyume cha kilichokusudiwa. Kwa bahati njema tunalo neno ambalo lugha nyingi hazina: pole. Anayejikwaa huambiwa pole, hata na asiyemkwaza. Aliyefiwa huambiwa pole na kijiji kizima, nao hukesha naye. Neno hili halimwondolei mtu wajibu wala halimsamehe kosa. Linasema tu kwamba maumivu yake yameonekana. Ni karibu sana na jambo analolieleza Neff.

Lakini tukiangalia vizuri, tutaona kwamba pole zetu hutolewa kwa mgao. Aliyegongwa na gari katika mteremko wa Kitonga hupewa pole bila kuulizwa alikuwa akienda wapi. Aliyeambukizwa VVU huulizwa kwanza alitoka wapi. Mithali zetu, ambazo nazipenda, humwelekezea mkosaji kidole: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bado natafuta ile itakayotueleza guu hilo lifungwe vipi. Basi mgonjwa aliyekua akisikia kwamba pole ni ya wasio na hatia hawezi kujipa pole yeye mwenyewe. Anaiona kama wizi.

Wako watakaosema kwamba elimu ya namna hii italea uvivu, na kwamba mgonjwa asipoogopa hatameza dawa. Pingamizi hili ni la haki, tena walimu wengi wanalo kuhusu wanafunzi wao. Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilichunguza kwa majaribio waliyoyachapisha mwaka 2012. Katika jaribio mojawapo wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati, nao wakafanya vibaya. Kundi moja likaelekezwa kulitazama anguko hilo kwa huruma. Makundi mengine yakaambiwa maneno ya kuwainua hadhi, au yasiambiwe kitu. Kisha wote wakaruhusiwa kujisomea kwa muda wowote waliotaka kabla ya mtihani wa pili. Waliosoma kwa muda mrefu zaidi ni wale wa kundi la huruma. Anayejua kwamba hatapigwa na nafsi yake huthubutu kulifungua daftari lenye makosa na kuyatazama. Vivyo hivyo mama wa Mafinga: anatakiwa amwambie muuguzi ukweli juu ya vidonge alivyoviruka, na ukweli hautoki kwa mtu anayejihami.

Haifai, hata hivyo, tudhani kwamba kazi hii ni nyepesi na kwamba yatosha kubandika ukutani bango la maneno mazuri. Wachoma mkaa wanajua kwamba tanuru likifunguliwa kabla halijapoa, hewa huingia kwa ghafla na mkaa wote huwaka. Wataalamu wa tiba hii wameliona jambo la namna hiyo kwa wagonjwa waliolelewa kwa mapigo na matusi. Ukimtendea mtu huyo kwa upole, au ukimwomba ajitendee mwenyewe kwa upole, haoni faraja. Maumivu ya miaka mingi huibuka pamoja, naye aweza kutetemeka, kukasirika au kuukimbia ushauri. Gilbert ameandika mengi juu ya hofu hii ya kuhurumiwa. Mshauri asiyefundishwa atadhani mgonjwa ni mkaidi, au atazidi kusukuma mlango ambao ulipaswa kufunguliwa kidogo kidogo. Ndiyo maana nasisitiza mafunzo, tena mafunzo yenye msimamizi mzoefu, badala ya semina ya siku moja.

Na kwa nini yaanze kwa mwanafunzi mwenyewe? Kwa sababu hakuna mtu wa Rungwe aliyejifunza kukama ng'ombe kwa kutazama ubao. Katika zoezi mojawapo mwanafunzi huandika maneno ambayo angemwambia mwenzake wa kazi aliyekosea kipimo cha dawa. Kisha huandika maneno anayojiambia mwenyewe akifanya kosa lile lile. Halafu huyasoma yote mawili kwa sauti, mbele ya mwenzake. Tofauti humshtua. Mtu aliyeisikia sauti hiyo ndani yake ataitambua upesi kwa mgonjwa, hata ikija imevaa maneno ya adabu kama "Ndiyo, sista, kosa ni langu." Tena muuguzi naye ni binadamu, amezika wagonjwa aliowazoea, na ukali wake mara nyingi ni uchovu uliokosa pa kupumzikia. Mwaka 2020 Neff na wenzake walichapisha matokeo ya mafunzo mafupi ya wafanyakazi wa afya, saa moja kwa juma kwa majuma 6, waliyoyajaribu katika hospitali ya watoto huko Texas. Huruma juu ya nafsi iliongezeka na hali za wafanyakazi zikawa nafuu. Texas si Mbeya, na sina nia ya kujifanya kwamba ni Mbeya. Lakini saa 6 si gharama ya kuogofya.

Yaliyokwisha tendeka karibu nasi yanatia moyo zaidi. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Profesa Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo. Hawakuanza na istilahi za kigeni, bali na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi nasi twasema fulani "ana mawazo". Jaribio lililofanyika katika zahanati 24 za Harare, lililochapishwa mwaka 2016, lilithibitisha kwamba waliohudumiwa na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hapa kwetu, mpango wa Sauti ya Vijana, ulioanzia Moshi na kufika hadi Mbeya, huwatumia vijana waliofundishwa kuongoza vikao 10 vya vikundi vya wenzao wanaoishi na VVU. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tiba ya mazungumzo ni ya madaktari bingwa tu, au kwamba haiwezi kufanywa kwa Kiswahili.

Isitoshe, Iringa si ngeni katika elimu hii. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia Robert Edgerton alichapisha makala juu ya Abedi, mganga wa Kihehe aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa akili kwa mitishamba, naye hakuona haya kumwita tabibu wa akili. Mafunzo ya leo yangefanya vema kuchunguza namna wazee wa mahali wanavyomtuliza mtu, badala ya kudhani kwamba huruma itashushwa kwa ndege pamoja na vitabu.

Kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya inafundisha madaktari, na Chuo Kikuu cha Iringa kimekuwa kikifundisha saikolojia ya unasihi. Ningependa vyuo hivi viwili vichukue kundi dogo la wauguzi wa kliniki za tiba na matunzo, walifundishe, kisha wahesabu mambo mawili mepesi kwa mwaka mzima: wagonjwa wangapi wamerudi kwa tarehe zao, na wauguzi wangapi wameomba kuhamishwa idara. Kipimo cha Neff chenye sentensi 26 kitasaidia, lakini kisifasiriwe neno kwa neno. Kwanza kisomwe kwa wazee, vijana na wauguzi wa mikoa hii, waulizwe kila sentensi wameielewaje. Na hapo walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari, pamoja na wale waliopewa kazi ya unasihi shuleni, wanaweza kutoa msaada ambao wataalamu wa tiba hawataupata penginepo. Sentensi ya kwanza ya kujaribu naipendekeza iwe hii: "Ninapokosea, huiambia nafsi yangu pole kama ninavyomwambia jirani."