Maji ya bondeni, majani ya Mufindi

Kama umewahi kuwa mgeni katika kijiji chochote kati ya Masasi na Newala, tuseme Lulindi, unajua jinsi mambo yanavyokwenda. Hujakaa vizuri kitini, tayari mtoto ametumwa dukani. Unajua ametumwa nini: sukari robo na kipakiti cha majani ya chai. Unajifanya hukuona, mwenyeji naye anajifanya hukuona, mazungumzo yanaendelea.

Chai itakayokuja ni ya rangi. Kusini hii ng'ombe hawakuwa wengi zamani kwa sababu ya mbung'o, na maziwa hayakuwa kitu cha kila asubuhi. Maji yanachemshwa sufuriani, majani yanatiwa, pengine na mchaichai uliochumwa nyuma ya nyumba, na sukari inakolezwa huko huko jikoni. Sukari ndiyo heshima. Ikiwa haikutosha, utaombwa radhi kabla hujaonja.

Mkenya akikaribishwa hapo anaweza kuuliza chai yenyewe iko wapi, maana kwake maji, maziwa na majani hupikwa pamoja mpaka yapande sufuriani. Mtu wa Unguja atatafuta iliki na mdalasini. Waingereza humimina maji ya moto juu ya majani ndani ya birika, halafu hubishana kama maziwa yatangulie kikombeni au yafuate. Mwandishi wao George Orwell aliandika makala gazetini mwaka 1946 akitoa kanuni 11 za kutengeneza chai, na mojawapo ni kwamba isitiwe sukari. Huku kwetu angepewa pole.

Hayo tuyacheke. Mtume Paulo, katika Warumi 14, alikwisha kutukataza kuhukumiana kwa sababu ya vyakula, na sidhani kama alikusudia kuiacha chai nje. Ila kuna jambo ambalo si la kuchekwa, nalo ni mgeni anayekitazama kikombe cha chai ya rangi na kusema, mbele ya mama aliyeileta, "Mimi hii siinywi, hamna maziwa?"

Fikiri maji ya kikombe hicho yametoka wapi. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wala chemchemi. Mvua hunyesha vizuri, lakini hunywewa na mchanga. Wazee walikubali kuishi huko na shida hiyo kwa kuwa walikuwa mbali na wavamizi na watekaji wa watumwa. Kwa vizazi vingi wanawake waliamka gizani, wakateremka mabondeni, wakapanda tena mlima na mtungi kichwani. Mradi wa kusukuma maji kwa pampu ulikuja miaka ya 1950. Hata sasa kuna nyumba zenye kisima cha saruji cha kukingia mvua ya bati, na bomba likikauka maji hununuliwa kwa ndoo. Majani nayo yamesafiri mamia ya kilometa kutoka Mufindi au Rungwe. Sukari, kama ni miezi ya kusubiri mnada wa korosho, huenda imeandikwa kwenye daftari la mwenye duka.

Katika 2 Samweli 23 tunasoma habari za Daudi aliyetamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Daudi hakuyanywa, aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Utasema naye alikataa kikombe. Ndiyo, lakini alikataa kwa sababu aliiona gharama yake, na mgeni wetu amekataa kwa sababu hajaiona.

Lulindi panajulikana pia kwa hospitali. Daktari Leader Stirling wa misheni ya UMCA alifika huko mwaka 1935 na kuanza kazi katika majengo ya udongo na nyasi. Miaka 40 baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kila aliyewahi kuuguza hospitalini, iwe huko au kwingine, anaijua chupa ya chai inayofika wodini asubuhi ikiwa imefungwa kwa khanga. Mgonjwa hunywa vijiko vitatu, basi. Chupa ile huwanywesha waliokesha, na wa kitanda cha jirani ambaye ndugu zake wako mbali. Hakuna anayeuliza kama ina iliki.

Sasa turudi kanisani, maana huko ndiko ninakotaka tufike. Katika sharika zetu nyingi, siku ya mgeni rasmi, huandaliwa chupa mbili. Ya maziwa inakwenda ofisini kwa mchungaji pamoja na mayai na chapati; ya rangi inabaki chini ya mwembe kwa waumini, na ikiisha, imeisha. Akina mama waliochota maji na kupuliza moto tangu saa 11 alfajiri hupata kilichobaki chini ya sufuria. Yakobo, sura ya 2, alimzungumzia mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri huku maskini akiambiwa asimame. Angeiona chupa ile ya pili angeijua.

Wazee wa kanisa wana kamati ya karibu kila kitu, hata ya maua. Basi Jumapili ijayo yenye mgeni, chai yote ipikwe sufuria moja, maziwa yakiwepo yatiwe humo, yasipokuwepo sote tunywe ya rangi. Askofu akija naye apewe hiyo hiyo. Na ugawaji uanzie jikoni, kwa waliopika.