Meli Ina Jina, Mpagazi Hana

Ndugu msomaji, wewe unayesukuma mkokoteni Mtaa wa Kongo au kupanga mitumba Msimbazi, unaijua Königsberg? Hukuiona, lakini inakuhusu.

Ni manowari ya Kijerumani iliyofika Dar es Salaam Juni 1914. Vita ilipoanza ikaivizia Unguja alfajiri ya Septemba 20, ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Kisha mashine zikaleta matatizo, ikajificha delta ya Rufiji. Waingereza wakaizingira miezi na miezi. Julai 11, 1915 ilichakazwa kwa mizinga hadi nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe.

Chimbua habari za meli hii, utashiba. Utapewa unene wa chuma, majina ya wakubwa wake, hata kichekesho cha mwaka 1924: John Ingle, nahodha wa ile Pegasus, alinunua haki ya kuopoa mabaki kwa pauni 200! Wakata vyuma waliendelea kuyachokonoa hadi miaka ya 1960, yakadidimia matopeni.

Sasa uliza swali la mlalahoi: nani alibeba mizinga yake? Yote 10 iliopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu. Ikaburutwa porini na mamia ya wapagazi, kwa kamba na mabega. Mzinga mmoja uko Pretoria, mwingine Fort Jesus, Mombasa, nenda ukautazame. Mabega je?

Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, Carrier Corps. Walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliwapigia kambi hapo hapo unapouza soksi. Mswahili akalitamka jina kwa ulimi wake: Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na malaria. Lakini pale Posta, sanamu ya mwaka 1927 ni ya askari na bunduki yake. Nairobi angalau mpagazi kasimamishwa naye.

Usiwangoje vigogo, hao wanangoja utepe wa kukata. Mafaili ya Mjerumani yapo Nyaraka za Taifa, Upanga. Na kama una mzee Utete, Kibiti au Ikwiriri, mwulize babu yake alichukuliwa lini, alibeba nini, alirudi au hakurudi. Andika jina lake, na la baba yake.