Mazoezi Nayo Yaandikiwe Dozi

Mgonjwa wa presha anatoka kliniki na vitu viwili: mfuko wa vidonge na sentensi moja. Vidonge vimeandikiwa kila kitu: kimoja asubuhi, kimoja usiku, meza baada ya kula, rudi tarehe fulani. Sentensi haina maelezo yoyote. "Ufanye mazoezi." Basi, anaitwa anayefuata.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimekaa meza ya kupimia presha na sukari katika kliniki moja upande wa Temeke, Dar es Salaam, na sentensi hiyo nimeisikia ikisemwa kuliko salamu. Ina ukweli wote ndani yake, lakini ikiachwa ilivyo haimsaidii mtu. Hakuna daktari anayemwambia mgonjwa "meza dawa" bila kutaja ipi, kiasi gani na saa ngapi. Mazoezi yana nguvu ya kushusha presha na sukari, kwa hiyo nayo yanastahili kuandikwa hivyo hivyo.

Tazameni kinachotokea pasipoandikwa. Dereva wa daladala, mtu wa makamo, anakaa kwenye usukani tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku. Akisikia "mazoezi" anawaza kukimbia. Anakwenda soko la Karume kununua raba za mtumba, na Jumatatu anatoka mbio hadi pumzi imwishie. Wiki ya kwanza anajisikia kijana. Wiki ya pili au ya tatu goti linavimba, na raba zinawekwa chini ya kitanda. Miezi mitatu baadaye yuko mbele yangu, presha pale pale, anaangalia sakafu: "Sista, mimi mvivu tu."

Si mvivu hata kidogo. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya upesi, ndani ya wiki chache. Kano, zile kamba ngumu zinazoshika misuli kwenye mifupa, huchukua miezi. Ndiyo maana watu wengi huumia wakati ule ule wanapoanza kujisikia wana nguvu. Mtu huyu alipewa kazi bila kipimo, ikamshinda, kisha akajilaumu. Lawama hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu mtu akishaamini kwamba ni mvivu hajaribu tena.

Kipimo kipo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Wastani maana yake unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba mfululizo. Zamani mwongozo ulitaka kila kipindi kifike angalau dakika kumi. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa, na sasa kila dakika inahesabiwa. Kwa watu ninaowahudumia haya ni mabadiliko makubwa. Kutembea kutoka kituoni hadi sokoni, kupanda ngazi za ofisi, vyote vinaingia kwenye hesabu.

Nao walioshindwa kufikisha hatua 10,000 kwenye simu zao nawaomba wapumue. Namba hiyo ilivuma Japani mwaka 1965, ikiwa jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa baada ya Olimpiki ya Tokyo. Utafiti wa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee Marekani ulikuta waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, ikatulia hapo. Bibi anayetembea hatua 5,000 kila siku hajashindwa chochote.

Kwa nini nasisitiza kudumu kuliko kukazana? Mwili wenyewe ndio unaodai hivyo. Ukitembea leo, misuli yako inapokea sukari kutoka kwenye damu kwa wepesi zaidi, na wepesi huo hudumu siku moja hadi tatu, kisha unaisha. Kwa sababu hiyo wenye kisukari huambiwa wasipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila kujishughulisha. Upande wa presha, mazoezi ya kawaida humshushia mwenye ugonjwa namba ya juu kwa pointi tano hadi nane hivi, lakini akiacha, baada ya wiki kadhaa inapanda tena. Faida ya mazoezi haiwekwi akiba. Aliyekimbia marathoni Februari akakaa mpaka Desemba, mwili wa Desemba haukumbuki medali.

Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar nako watu hukusanyika kila Januari 1. Naziunga mkono siku hizi kwa moyo wote, zimewatoa wengi ndani. Ila kalenda ya sukari ni ya siku mbili, na kalenda ya taifa ni ya mwezi. Siku zinazobaki lazima kila mtu azipatie mahali katika maisha yake mwenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko foleni inavyoniruhusu. Simuulizi mgonjwa anapenda mazoezi gani. Namuuliza siku yake ikoje, tangu anapoamka.

Alikuja mama mmoja muuza vitumbua, sukari juu, miguu imeanza kuwaka moto usiku. Nikamuuliza asubuhi yake.

"Naamka saa kumi, sista. Napika, nauza, saa moja nimemaliza."

"Wajukuu nani anawapeleka shule?"

"Bodaboda. Wanabebwa watatu."

"Shule iko mbali?"

"Hata! Nyuma ya msikiti pale. Naogopa tu kuvuka barabara kuu."

"Mama, kuanzia kesho wapeleke wewe. Kwa miguu."

Alicheka, kisha akanyamaza akifikiria ile hela ya bodaboda. Akakubali. Niliandika kwenye daftari lake: kupeleka wajukuu shule kwa miguu, Jumatatu hadi Ijumaa, kurudi kwa kupita sokoni. Hiyo ndiyo ilikuwa dozi. Mjukuu mdogo wakati ule alikuwa chekechea. Leo yuko darasa la tano, na bibi bado anatembea. Siku akichelewa, mtoto anasimama mlangoni na begi mgongoni: "Bibi, tutachapwa!" Shule zikifungwa Juni na Desemba anakwenda kwa dada yake mtaa wa pili. Sukari yake haijawa ya kijana, anameza dawa zake, lakini miguu yake anayo.

Mama huyu hakuhitaji moyo wa chuma. Alihitaji jambo ambalo lingemlazimu hata siku asiyojisikia, na mtu wa kumuuliza mbona hajatoka. Mwenye vitu hivi viwili hudumu. Ambaye hana, hata akijiunga na jimu ya gharama, humwoni baada ya mwezi. Ndilo ninaloliamini kuliko yote niliyosoma. Wanaume wanaoswali alfajiri msikitini nawaambia watoke wakiwa wamevaa raba, wazunguke mtaa kabla ya kurudi nyumbani, maana tayari wameamka na wenzao wapo. Makarani nawaambia washuke vituo viwili kabla ya kazini. Nami nafanya hivyo hivyo, kando ya Barabara ya Kilwa, na makonda wananijua.

Watu huniuliza: mpaka lini, ndipo isiwe vita? Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, matokeo yakachapishwa 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lijiendeshe lenyewe, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa siku 18 hadi 254. Waliochagua mazoezi walichelewa kuliko waliochagua tabia za kula na kunywa. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wagonjwa wangu nawasisitizia hilo la mwisho kuliko yote. Msiba, harusi, mtoto mgonjwa, siku imepotea. Kesho yake unarudi palepale, huanzi upya.

Klabu za jogging za Temeke, zile zinazopita Jumamosi alfajiri na filimbi na jezi, zimelielewa jambo hili bila utafiti wowote. Wenzangu wengine wa afya huziona kama kelele. Mimi naziona kama tiba. Wanakimbia wakiimba, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, kama mchakamchaka wa shule ya msingi. Huwezi kuitikia wimbo ukiwa umekata pumzi, kwa hiyo wimbo wenyewe unawashika wote kwenye mwendo wa mnyonge wao. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019, siku zake nyingi za mazoezi Kaptagat ni za mwendo wa pole. Sijui kwa nini muuza duka wa Mtoni aone aibu kwenda polepole. Tena klabu hizi zina michango: mwanachama akilazwa wanamtembelea, akifiwa wanakwenda. Ukikosekana Jumamosi mbili simu inapigwa. Hakuna programu ya simu inayokutafuta hivyo.

Neno kuhusu soda baada ya mbio. Chupa moja ya soda ina gramu 35 hivi za sukari, na nguvu yake inakaribia ile uliyoitumia kwa nusu saa ya kutembea haraka. Kunywa maji. Wala msipime faida kwa mzani. Wengi wanaacha kwa sababu kilo hazishuki, wakati presha yao inashuka mbele ya macho yangu.

Ratiba isiyojua masika na Ramadhani haitamaliza mwaka. Machi hadi Mei mitaa yetu ni madimbwi, kwa hiyo kila mgonjwa namwandikia na dozi ya ndani: kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia, kisha kusukuma ukuta kwa mikono. Haya ndiyo yanayotia misuli nguvu, na mwaka mzima yafanywe siku mbili kwa wiki. Ramadhani, wenye kisukari wasijichoshe alasiri wakiwa wamefunga, maana sukari inaweza kuanguka. Watembee baada ya futari, na kwenda tarawehe kwa miguu kunahesabika.

Yako mambo sitaki yapuuzwe. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari apime kabla ya mazoezi na awe na kitu kitamu mfukoni. Miguu ikaguliwe kila jioni, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kupata kidonda asikisikie. Raba zisibane, wala asitembee peku. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana presha. Hao hawatoshi kwenye jimu zote za Dar es Salaam, wala hawana hela yake. Wanachoweza ni kutembea, na kutembea kwenyewe kumefanywa kugumu. Njia za waenda kwa miguu zimejaa meza za biashara na bodaboda. Alfajiri mitaa haina taa, na wanawake wananiambia wazi kwamba wanaogopa vibaka kuliko wanavyoogopa presha. Siwezi kuwajibu kwamba wanakosea.

Basi nina maombi. Madaktari na wauguzi wenzangu, mtakapoandika dawa wiki hii, andikeni na mstari mmoja chini yake: atafanya nini, saa ngapi, na nani. Inachukua dakika mbili. Wenyeviti wa serikali za mitaa, kaeni na walimu wakuu, mageti ya viwanja vya shule yafunguliwe saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu, kuwe na taa moja na mlinzi mmoja. Viwanja vipo tayari, vina uzio, na saa hiyo havina mtu.